Sweta Nililopima kwa Mikono Yangu

Anayesema kufuma ni kazi ya kupotezea muda hajakaa Iyunga mwezi wa Juni. Baridi ya kule haibishi hodi. Miaka ile ya hamsini nyumba yetu nzima ilifuma: mama, mimi, hata kaka yangu mkubwa, mume wa mtu, aliyejifanya amekuja jikoni kuota moto tu. Sindano zetu zilikuwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Sufu tuliipata kwa kufumua masweta ya kafa Ulaya, mitumba ya siku zile. Tuliosha nyuzi, tukazianika zikiwa zimefungiwa kijiwe ili zinyooke.

Aliyetufundisha ni wifi yangu, mke wa kaka. Alitoka Mlandege, Iringa, alikojifunza kwa akina mama wa misheni. Vidole vyake vilikwenda huku mdomo unacheka, na mama alikuwa akisema mkwe huyu kaleta joto ndani ya nyumba.

Lakini wifi alikosea mapema mno. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Akisikia tu kikohozi chake, mke anajitupa kwenye migomba. Kwao Iringa, mke humsalimia mkwewe kwa kupiga magoti. Basi wiki ya kwanza, kabla hajaelezwa, wifi akampelekea baba maji ya kunywa, akapiga magoti, kichwa chini: "Kamwene, baba." Jamani! Baba aliondoka bila kugusa maji.

Shangazi zangu walisema arudishwe kwao, hana adabu. Baba hakusema ndiyo wala hapana, na ukimya huo ulimkondesha wifi miezi mitatu.

"Nitamfumia sweta," aliniambia siku moja. "Maji aliyakataa. Akilivaa, nitajua amenisamehe. Akilikataa, wifi, nafunga mizigo yangu."

Alitaka iwe siri yetu wawili, kwa hiyo alilifumia chumbani kwake. Sasa vipimo avitoe wapi? Siku ile ya maji aliona mabuti tu, mabuti makubwa ya jeshi ambayo baba aliyajaza matambara ndipo yamkae. Zaidi ya hapo aliijua sauti yake, na baba akiita ng'ombe, hata wa jirani waligeuka.

"Baba ana mwili gani?" akaniuliza.

Nilikuwa na miaka minane. Nikatanua mikono mpaka mabega yakauma. "Hivi!"

Haki ya Mungu sikudanganya. Huyo ndiye aliyenibeba mabegani kwenda kanisani. Sikujua mtu mkubwa kumzidi.

Lilipokwisha nikalipeleka mwenyewe. Baba alilivaa uani, nami nikaona nilichokifanya. Baba yangu alikuwa mfupi, mwembamba kama fito. Sweta lilimfika magotini, mikono ikaning'inia hadi chini. Mama alitoka, akashika mdomo.

"Mungu wangu! Limemmeza!"

Nikaanza kulia, maana nilimwona wifi tayari na mizigo yake njiani, na kosa ni langu. Baba alinitazama. Akakunja mkono mmoja mara tatu, akakunja na wa pili. Kisha akapaza ile sauti yake kuelekea jikoni, alikojificha wifi.

"Waambieni huko ndani, limenikaa!"

Jikoni kikapigwa kigelegele, kikakatikia njiani, wifi akaanza kulia kwa furaha. Baba akatugeukia, sauti chini: "Atakayemwambia vingine, atanitambua."

Alilivaa kanisani, alilivaa mnadani. Watu walicheka, na asiyecheka alikuwa kipofu. Shangazi mmoja alipothubutu kumwambia anaonekana kituko, baba alimuuliza, "Wewe umenifumia nini?" Habari ya kumrudisha wifi Iringa ikaishia hapo. Kila alipomsikia baba akikohoa, wifi alikimbilia migombani akitabasamu, na kila mwaka aliniuliza kama bado linamtosha. Nilimjibu linamtosha. Aibu ilinishika kila mara, lakini nilimjibu hivyo.

Baba alifariki kwa kichomi, kabla ya Uhuru. Aliagiza azikwe na sweta lake. Kabla hajafunikwa, mama alimshika wifi mkono, akamwambia mwiko umekwisha, aingie amuage mkwewe.

Wifi aliingia, akamtazama toka kichwani hadi miguuni. "Huyu ndiye?" aliuliza. Mimi nilijificha nyuma ya mama.

Akagusa mkono wa sweta. Akalikunjua kunjo la kwanza, la pili, la tatu, mpaka sufu ikafunika vidole vya baba na kubaki. Ndipo akapiga magoti, kama siku ile ya maji.

"Baba," alisema, "si ungelirudisha tu, nikupunguzie."