Chupa Sita za Edelzwicker

Asubuhi ile nilikuwa nafua vitambaa vya altare nyuma ya nyumba ya padri, mtoto wetu mchanga mgongoni, kwenye parokia yetu iliyo kilimani, kati ya Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo. Mume wangu Wilondja, katekista, alikuwa akifungua katoni iliyofika kwa boti kutoka Uvira. Ndani mlikuwa na chupa sita ndefu za kijani.

Padri Émile alikuwa mzee wa Alzasi, jimbo la Ufaransa linalopakana na Ujerumani. Dada yake alikuwa akimtumia divai hiyo nyeupe kila mwaka, kwa ajili ya misa. Inaitwa Edelzwicker. Alituambia haitokani na zabibu za aina moja. Wanachanganya aina kadhaa, ikawa divai ya kunywa kila siku nyumbani. Mizabibu yao, alisema, imepanda miteremko kama mihogo yetu. Vita vilipita humo pia. Mama yake alimzaa kwenye ghala la mapipa chini ya nyumba, mizinga ikilia juu.

"Babu yangu alibadilishiwa bendera mara ine," akacheka, "na hakuhama nyumba."

Saa tano risasi zikaanza kwenye kilima cha pili.

Watu wakakimbilia kanisani, wengi wao bamama na batoto. Tukafunga milango. Maji yalikuwa machache. Bidoni mbili, madumu ya maji ya siku ile, nilikuwa nimezimaliza kwa kufua.

Kesho yake yakaisha kabisa. Chemchemi ilikuwa bondeni, na wenye bunduki walikaa juu yake.

Padri akaleta zile chupa.

"Hii ilikuwa ya misa," akasema. "Leo iko ya batu."

Kijiko kwa kila mtoto, kikombe kidogo kwa wakubwa. Ilikuwa na uchachu, na harufu ya maua nisiyoyajua. Ililowesha midomo, kisha kiu ikarudi na nguvu zaidi. Watoto wengine wakatapika.

Wilondja hakunywa. Alinipa chake.

"We unanyonyesha," akasema. "Mi naenda ku maji."

"Batakuona."

"Jua iko kali. Beko mu kivuli sasa."

Padri akamshika mkono. "Ngoja kesho, mwana wangu."

"Kesho batoto batakuwa bamekufa, Padri."

Akachukua bidoni moja, akatoka kwa mlango wa sakristia.

Tulisubiri.

Risasi moja.

Kisha nyingine.

Akirudi kutoka chemchemi alifika hadi kwenye bustani ya padri, akaanguka. Wanawake wawili walitambaa, wakamvuta ndani pamoja na bidoni. Ilikuwa imetobolewa, nusu ya maji ilibaki. Alikata roho kabla Padri hajamaliza kumpaka mafuta.

Wenye bunduki waliondoka jioni. Makundi yaliyopigana yalikuwa mawili, na hadi leo sijui nani alifyatua. Padri alirudi kwao akiwa mgonjwa. Siku ya kuondoka aliniomba msamaha kwa kuuachia mkono wa Wilondja. Nilimwambia hakuna ambaye angemzuia.

Watoto wote waliokuwa kanisani walipona. Sasa ni watu wazima. Nakutana nao sokoni Baraka, wananiita mama, nami nafurahi. Nikifika nyumbani naketi kwanza, ndipo nipike.

Wilondja alikuwa na miaka thelathini na minne. Maji yake yaligawanywa akiwa bado ana joto mapajani mwangu. Kikombe kikanifikia.

Nilikunywa chote.