Shikamoo ya Kwenye Skrini

Mama yangu alifanya kazi ya kuunganisha simu katika ofisi ya serikali tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na mpaka leo majirani wanamwita Opereta. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, akiwaunganisha wakubwa na wake zao, na mara nyingine na wasio wake zao, na hakuna siri iliyowahi kumtoka kinywani. Siku ya kumuaga walimpa saa ya ukutani na keki. Saa haikuchukua muda ikafa, na keki waliila wao. Lakini sauti alibaki nayo. Hadi sasa akipokea simu husema, "Nakusikiliza," kwa ulaini unaowafanya hata waliokosea namba waombe radhi mara mbili.

Naishi naye. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo katika familia yetu mimi ndiye nisiye na kazi. Mwenye kazi ni kaka yangu. Mtaa mzima unamwita Mtaalamu, na yeye hajawahi kulikataa jina hilo. Anaandika programu za kompyuta kwenye jengo la vioo, upande wa pili wa mji. Zamani alikuwa anakuja kila Jumapili. Anakula, anasinzia kitini mdomo wazi, anaamka, anaondoka. Mama alikuwa anaanza kumsubiri tangu Ijumaa.

Halafu Mtaalamu akagundua upendo wa kisasa. Jumapili moja alikuja na kisanduku cheusi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, akakichomeka kwenye televisheni. Ndani yake alikuwa ameweka filamu, nyimbo za ujana wa mama na picha zetu zote, hata zile nilizoomba zichomwe.

"Mama, uzuri wake sio filamu," alisema. "Programu iliyomo humu ina kiolesura. Yaani ina mlango wa kupokelea amri. Mimi nikiwa kazini naandika amri, naituma, kisanduku kinatii. Cheza, simama, punguza sauti, andika maneno haya kwenye skrini. Na nikikiuliza, kinanijibu: kinacheza nini, kimefika wapi."

"Kwa hiyo wewe ukiwa huko unaongea na televisheni," mama alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Wewe unatazama tu, mama. Huna haja ya kugusa kitu."

Tulishukuru. Tungefanya nini? Tangu siku hiyo sebule yetu ikawa na serikali. Mama anatazama filamu, sauti inashuka yenyewe, kwa sababu Mtaalamu amesoma mahali kwamba kelele haziwafai wazee. Mpelelezi anafungua mdomo amtaje muuaji, juu ya uso wake yanapita maneno: MAMA KUNYWA DAWA. Mama anainuka kwenda kunywa dawa, na mpaka leo hajui nani alimuua yule tajiri. Na kila siku saa moja asubuhi televisheni inawaka bila kuguswa na kuandika: SHIKAMOO MAMA.

"Marahaba, mwanangu," mama anaijibu televisheni. Kisha anasubiri kidogo, kwa adabu, pengine kuna la ziada. Huwa halipo.

Jumapili zikapungua, mwishowe zikaisha kabisa. Nikimpigia Mtaalamu ananiambia, "Lakini namfuatilia kila siku, mdogo wangu. Jana ametazama filamu mbili mpaka mwisho. Yuko vizuri sana." Hospitali zetu bado hazina vipimo vya namna hiyo.

Siku moja mama alichomoa kisanduku ili akifute vumbi. Hajamaliza kufuta, simu yake ikalia.

"Mama, kuna nini? Kisanduku hakijibu."

"Nakusikiliza," mama alisema, akakaa, kitambaa bado kiko mkononi. Wakazungumza. Kaka alimuuliza kuhusu goti, naye akampa habari zote za goti tangu lilipoanza kumsumbua. Nikiwa barazani nilimsikia anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu ana kicheko.

Kesho yake vumbi lilikuwa limerudi. Kesho kutwa vilevile. Ghafla mama akawa mtu wa usafi usio na mfano, ila usafi wenyewe haukuvuka kisanduku, na makabati yaliendelea na vumbi lao kwa amani. Anachomoa, anakaa karibu na simu, anaweka gauni sawa magotini. Simu inalia. "Nakusikiliza." Ningeweza kumwambia kaka ukweli. Sikumwambia, na sijuti.

Mtaalamu, kwa kuwa ni mtaalamu, alilitafuta tatizo kila mahali isipokuwa pale lilipokuwa. Alilaumu umeme, akalaumu mtandao, akatuma waya mpya kwa mtu wa pikipiki. Mwishowe akanipigia mimi, furaha imemjaa.

"Nimepata dawa. Kila siku natoka kwenye kikao kwa ajili ya hiki kisanduku, mabosi wameanza kunung'unika. Sasa kikinyamaza, taarifa itakuja kwenye simu yako badala ya yangu. Na itajirudia mpaka kijibu. Si uko hapohapo?"

"Niko hapohapo," nikasema. "Niko hapohapo tangu nizaliwe."

Kijembe hakikumfikia. Nadhani hakikupita kwenye kiolesura.

Mchana ule mama alichomoa kisanduku chake, akakaa, akaweka gauni sawa. Simu iliyolia ilikuwa yangu, juu ya cherehani. Mama akatoka na kitambaa chake, akaichukua, akasoma: KISANDUKU HAKIJIBU. KAMWANGALIE MAMA. Nilitafuta uongo wa haraka nikaukosa.

"Amenihamisha," alisema.

"Mama, ana kazi nyingi tu..."

"Nimehamisha watu maisha yangu yote. Mkubwa hataki kuongea na mtu, unamhamishia kwa msaidizi. Na aliyehamishwa huwa anajua. Anasema asante, lakini anajua." Akakikunja kitambaa. "Ile shikamoo ya asubuhi, kuna mtu anayeiandika?"

Nilitamani sana kumdanganya. "Inajituma yenyewe, mama. Aliipanga siku ileile aliyokileta."

Hakulia. Afadhali angelia. Aliingia chumbani kwake, na mimi niliyebaki nje nikashona mkono wa blauzi upande usio wake, nikaufumua, roho inaniuma.

Asubuhi yake SHIKAMOO MAMA ilipotokea haikujibiwa na mtu. Mama alikuwa amevaa sketi yake ya kazini na viatu vya kisigino kifupi. Alichomoa kisanduku, akakiviringisha kwenye taulo, akakitia kwenye mkoba, akaniambia nifunike cherehani twende.

Jengo la vioo lina mapokezi makubwa kuliko nyumba yetu. Msichana wa mapokezi akatuuliza kama tuna miadi na mtu.

"Mwambie Mtaalamu wenu kuna mtu kwenye laini," mama alisema kwa sauti ile, akataja jina kamili la kaka, na msichana akajikuta ameshainua simu.

Kaka alishuka mbio, kadi inaning'inia shingoni, wenzake wawili nyuma yake. "Mama? Kimeharibika?"

Mama alifungua taulo, akakiweka kisanduku juu ya meza. "Hakijaharibika. Kinaamkia vizuri sana, hakijawahi kukosa hata siku moja. Nimekuja kuona kama na wewe unaweza."

Wale wenzake ghafla wakapata kitu cha kutazama kwenye simu zao. Kaka yangu, bingwa wa amri na majibu, aliwatazama wao kwanza, kisha mama.

"Shikamoo, mama," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwanangu." Akasubiri kidogo, kama alivyozoea.

Mtaalamu akatazama saa. Naapa alitazama saa. "Mama, nina kikao sasa hivi, lakini Jumapili..."

Mama akamshika mkono. "Usikate," alisema.

Hapo simu yangu ikalia ndani ya pochi. Sikuhitaji kuisoma. Niliitoa nikampa kaka, aone mwenyewe kilichoandikwa: KISANDUKU HAKIJIBU. KAMWANGALIE MAMA.

Aliisoma, akainua macho, akamwangalia.