Majivu ya Mringaringa

Mtu asikudanganye kwamba Bibi Elinipendo ni mpole eti kwa sababu anaongoza kwaya. Mkanyage uone. Na pale mjini Moshi, kwenye ule ukumbi wa zamani wa muziki, walimkanyaga haswa.

Jukwaa la ukumbi ule lilikuwa la mbao za mringaringa, na miti ilitoka kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake huko Kilema. Mzee Jayant, aliyejenga ukumbi, alipanda mwenyewe mlimani kuiomba. Baba hakutaka malipo. Alitaka ahadi moja tu, kwamba wanawe wataimba juu ya mbao zile. Wakaimba. Elinipendo alianza kuimba pale akiwa binti, akaolewa, akazika mume, akazeeka, na kila alipopanda jukwaa lile alivua viatu, maana pale palikuwa kwa baba. Kihamba ndugu walishakigawana na kukiuza. Cha baba kilichobaki duniani ni zile mbao.

Ndipo Vikram, mjukuu wa Mzee Jayant, alipoanza ukarabati. Alitaka taa zinazobadili rangi kwa kompyuta, kuta za kunyonya mwangwi, spika za kuning'inia, na milango minene isiyopitisha kelele za bodaboda. Sawa, nani anachukia maendeleo? Elinipendo aliomba mbao zisiguswe, basi. Vikram akaapa: "Mama, zile hazitoki."

Hazitoki! Elinipendo alipokwenda kuangalia mahali kwaya itakaposimama siku ya uzinduzi, alikuta jukwaa jipya, jeusi, linang'aa. Nyuma ya ukumbi mafundi walikuwa wanapika ugali, na chini ya sufuria uliungua ubao wa mwisho wa mringaringa.

"Ee Ruwa, Mungu wangu! Mnapikia baba yangu?" Akaipiga teke ile sufuria, maji ya ugali yakamwagika hadi kwenye viatu vya fundi mkuu. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Vikram alijitetea kwamba mtaalamu wa sauti alisema mbao zinalia, na yeye alikuwa safarini. Safarini! Kwani huko hakuna simu?

Vikram ni mzaliwa wa Moshi, mila zetu anazijua, ila nusu. Alijua kwamba Mchagga akiletewa isale, jani la kuomba radhi, hawezi kukataa. Basi akalituma kwa bodaboda, limefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi. Jamani! Isale hulileta mkosaji kwa mkono wake.

"Kosa limepanda pikipiki," Elinipendo alimwambia dereva, "mwenyewe yuko wapi? Rudisha!"

Kesho yake Vikram alipanda mwenyewe hadi Kilema, alikoolewa Elinipendo, na tawi la isale mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kavu kabisa.

Alilinyoosha kwa mikono miwili, macho chini. Elinipendo alitamani kumchapa nalo. Lakini anayekataa isale, kosa linamhamia yeye. Akapokea.

"Nimekusamehe."

"Ahsante sana, mama. Kwa hiyo Jumamosi mtatufungulia kwa wimbo?"

"Kumbe ndicho ulichofuata! Isale ni la msamaha, Vikram, na msamaha umepata. Wimbo tuliahidiana kwa mbao. Mbao mmezichoma."

Jumamosi wageni walijaa, taa zikawaka zambarau na dhahabu. Kwaya ikaja na sare zake, Vikram akatabasamu mlangoni. Wakampita. Wakazunguka hadi nyuma, kwenye majivu, na Elinipendo akalichomeka pale tawi lile lile la isale, kama tunavyopanda kwenye makaburi yetu. Akavua viatu. Wakaanza wimbo wa maziko.

Ndani hakusikia mtu. Ile milango mipya ilikuwa imefungwa, na kazi yake iliifanya vizuri.

"Bibi, hawatusikii," akanong'ona Rachel, mwimbaji wa sauti ya kwanza.

"Waache," akasema Elinipendo, uso bado kaukunja. "Kwani wamefiwa wao?"

Akaanzisha ubeti wa pili.