“Tutaelewana” Haijazi Tangi

Kwa miaka tisa alifagia korido za shule. Siku aliponunua mashine ya kukatia nyasi, kuukuu lakini yenye roho ya paka, mtaa mzima ulimbatiza Mama Mashine, naye akalipokea jina hilo kama aliyetunukiwa cheo. Mumewe, fundi cherehani, alimpa mwezi mmoja.

“Isipojilisha petroli yenyewe, mke wangu, tunaiuza, unarudi kwenye ufagio.”

Kazi ya kwanza nusura iizike biashara. Aliitazama bustani kutoka getini, akaiona ndogo. Mwenye nyumba akamwambia, “Wewe kata tu, tutaelewana.” Akakata. Nyuma ya nyumba akakutana na mteremko, mawe na nyasi za kufika magotini. Petroli ya siku tatu ikaisha kwa siku moja. Alipomaliza, alipewa shukrani tele na shati lisilo na vifungo.

Neno hilo, tutaelewana, ni dhuluma iliyovaa tabasamu. Hakuna anayemwambia mwenye duka, “Nipimie sukari, tutaelewana.” Huambiwa kibarua, ambaye jasho lake halifungwi kwenye mfuko. Na kosa tunalo pia sisi tunaoona haya kutaja bei, tukajibu “utakachojaliwa”, kana kwamba tumekuja kuomba sadaka.

Wiki ya mwisho ya mwezi akaitwa na mwalimu mkuu mstaafu, mwenye kiwanja kipana. Safari hii hakuishia getini. Alizunguka kote na utepe wa mumewe wa kupimia nguo, akapiga mawe teke, akaonja mteremko kwa miguu. Wifi yake, aliyembebea dumu la petroli, hakuvumilia.

“Wifi, unakishonea kiwanja suti?”

“Suti, tena yenye bitana.”

Mwalimu mkuu akatoka barazani. “Anza tu, binti yangu. Tutaelewana.”

Ulimi haukumteleza. “Shikamoo, mzee wangu. Tuelewane sasa hivi, kwani mashine ikishawaka hatutasikizana.” Akamtajia bei: mbele tambarare kiasi hiki, nyuma kwenye mteremko kiasi kile, mawe ayaondoe mzee mwenyewe, ua wa miti utalipiwa peke yake.

“Marahaba. Lakini bei hiyo ni ya kukata nyasi au ya kununua kiwanja? Nitakupa nusu.”

“Haya, mzee. Kwa nusu ya bei nakata nusu ya nyasi. Chagua upande.”

Dirisha la jikoni likafunguka. Mke wa mwalimu alikuwa amesikia yote. “Akate huku kwangu! Hapo barazani kwako pabaki pori, ukapige soga na nyoka!”

Mwalimu mkuu alicheka hadi akashika nguzo. “Mmenishinda, wanawake. Bei yote, na kila baada ya wiki mbili uje.”

“Na ua wa miti?” mkewe akadakia.

“Na ua wa miti!”

Mama Mashine akavuta kamba. Mashine ikakohoa mara mbili, ya tatu ikanguruma.

Jioni mumewe akamwuliza bila kuinua macho kwenye pindo, “Vipi, nikutafutie mnunuzi?”

“Nitafutie ngazi,” akajibu, akivua viatu vilivyogeuka kijani. “Kesho napanda kupogoa ua wa miti wa watu, kwa bei iliyotajwa.”