Diski isiyokuwepo na sweta za Wusi

Saa tatu asubuhi mtaani Mwakingali, mjini Voi, na jua limekwisha kuanza kuchoma mabati. Nzilani Munyao ameketi mbele ya kompyuta yake kuukuu, mikono mapajani, akiikodolea macho. Nyuma yake mashine ya kudarizi inakwenda. Uzi wa kijani unapanda na kushuka, na mlima mdogo unajitokeza kifuani mwa sweta ya mtoto.

Juu ya swichi ya ukutani amebandika karatasi iliyoandikwa USIZIME. Kwenye kompyuta ipo nyingine, maneno yaleyale, na mstari mwekundu chini yake. Mwandishi huyu anapoomba kuchaji simu, anaelekezwa kwa upole akachaji kwa jirani anayeuza mitumba.

“Ikizima sijui kama itarudi,” anasema Nzilani. “Jana ilirudi, lakini mimi siwezi kukuambia ilirudi kwa nini.”

Anachoogopa kupoteza ni diski. Ukimwomba akuonyeshe diski hiyo, atakuonyesha kioo cha kompyuta. Kwenye kioo ipo, imeandikwa jina lake vizuri. Ukifungua mdomo wa kompyuta pale diski inapowekwa, hamna kitu. Mwandishi alichungulia mara mbili, akajiona mjinga mara zote mbili.

Nzilani, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alikuja Voi kutoka Kitui akiwa msichana na kwa miaka mingi alikunja pindo za suruali kwenye baraza la duka la watu. Mwaka juzi alinunua mashine hii ya kudarizi kutoka kwa Mbithe, fundi aliyemtangulia katika kazi, aliyekuwa anarudi kwao Makindu kupumzika. Mashine ilikuja na kompyuta yake, na mbili hizo ni mume na mke. Waya wa mashine una mdomo mpana wa kizamani, na kompyuta za siku hizi hazina tundu la kuupokea.

Ndiyo maana Nzilani bado anatumia Windows ile ya zamani, yenye picha ya kilima cha majani mabichi na mawingu. Kila fundi anayeingia humshauri aitupe. Kila fundi akionyeshwa ule waya, hufunga mkoba wake.

Pamoja na mashine alipewa diski moja yenye programu ya kudarizi na michoro yote aliyoichora Mbithe: beji za shule, nembo za kwaya na za akina mama wa kanisa, kuanzia Chawia hadi Salaita. Programu hiyo ina ukaidi wake. Haifunguki mpaka ione diski yake imo ndani ya kompyuta.

Desemba iliyopita diski ikapasuka. Nzilani anasema alisikia mlio kama wa kijiti kikavu, na alipofungua ikatoka na ufa kutoka katikati hadi ukingoni.

Wakati huo pembeni mwa chumba kulikuwa na magunia mawili ya sweta za shule moja ya msingi ya Wusi, kule milimani. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Kwa kawaida hudarizi majina kwenye aproni na kofia, na wiki nzuri humwachia shilingi elfu tatu. Shule ile ingempa riziki ya kila Januari, na walimu wakuu wa shule za jirani walikuwa wakingoja kuona beji zitakavyotoka.

Mwalimu mkuu, Bi. Jedidah, hakuwa mkali, lakini hakumficha kitu. Alimwambia kwamba sweta zisipokuwa tayari ile Alhamisi kabla ya shule kufunguliwa, atazichukua zilivyo na kuzipeleka Mombasa, na mwakani hatarudi.

Nzilani alijaribu kuidarizi beji ya shule hiyo, yenye kitabu, jembe na mlima, kwa macho, bila mchoro. Kitabu kilitoka vizuri. Jembe likapinda kidogo. Mlima ukatoka kama sima iliyozidi maji, naye akaufumua akiwa amekasirika na machozi yakimlengalenga.

Akampigia Mbithe. Habari njema ni kwamba mkwewe Mbithe alikuwa ameihifadhi diski yote, nzima nzima, ndani ya faili moja. Faili ikatumwa hadi saiba ya Austin, kijana mwenye kompyuta mpya karibu na soko, na Nzilani akaibeba kwenye flashi akiimba njia nzima.

Nyumbani akaibonyeza. Kompyuta ikamwuliza anataka kuifungua kwa programu gani.

“Inaniuliza mimi,” anasema, na hata sasa bado anaonekana amekerwa. “Mimi ndiye nilikuwa nimekuja kuiuliza yenyewe.”

Akarudi saiba. Austin akaibonyeza mara moja tu ikafunguka, michoro yote ikajipanga. Akamwambia, “Mathe, iko sawa kabisa, ni wewe unabonyeza vibaya.” Nzilani akarudi nyumbani akabonyeza taratibu. Akabonyeza haraka. Akabonyeza kwa kidole kingine. Kompyuta ikamwuliza swali lilelile.

Safari iliyofuata Austin alimnakilia yaliyomo ndani ya faili, akayatia kwenye flashi. Sasa michoro ilionekana hata nyumbani, ila programu ilikataa kuamka na kudai iwekewe diski. Basi Nzilani akaomba diski. Austin akatafuta hadi akapata moja tupu kwenye droo, akairekodi kwa kompyuta, na mama wa watu akaondoka nayo ameikumbatia.

Aliiweka ndani ya kompyuta. Ndani ya diski kulikuwa na kitu kimoja tu: ile faili. Kijana alikuwa ameiweka faili ndani ya diski jinsi unavyoweka wimbo, badala ya kuigeuza iwe diski yenyewe. Ni kama kununua unga ukafungua mfuko ukakuta mfuko mwingine umefungwa. Diski tupu nyingine haikupatikana Voi nzima. Wenye maduka walimwuliza anaitakia nini.

Penye wengi pana mengi. Jirani wa mitumba alisema ni virusi. Muasya, fundi wa redio, alisema kompyuta imezeeka na ipewe Windows mpya, nusura aanze. Mchungaji aliiombea. Nzilani anakiri kwamba kufikia Jumanne ya wiki hii hakujua tena yupi anasema kweli, na alianza kumshuku hata Mbithe.

“Nilichanganyikiwa mpaka nikasahau kupika,” anasema. “Kila mtu alinionyesha kwamba inafunguka. Hakuna aliyenionyesha ikifunguka kwangu.”

Siku hiyo ndipo alipoingia Thadeus, karani wa mizani katika shamba moja la mkonge, aliyekuwa ameleta ovaroli idariziwe jina. Alimkuta Nzilani ameegemeza kichwa kwenye mashine. Alisikiliza mkasa wote, kisha akauliza jambo ambalo wengine hawakuliuliza: kompyuta hii ni ya zamani kiasi gani?

Alipoona kile kilima cha majani mabichi akacheka. Mizani ya kazini kwake inaendeshwa na kompyuta kama hiyohiyo, na tatizo hilo lilimtesa miaka iliyopita. Akaeleza kwamba kompyuta za sasa zikipewa faili ya namna hiyo huijua zenyewe kuwa ni diski na kuifungua. Za zamani hazijui. Zinahitaji programu ndogo ya kuzisaidia, naye alikuwa nayo kwenye flashi yake.

“Mama Mwendwa, hapa tunaidanganya tu,” alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. “Tunaiambia umeweka diski. Nayo itaamini.”

Nzilani, ambaye ni mzee wa kanisa, hakulipenda neno hilo. Alimwuliza kama hakuna njia nyingine. Thadeus akasema ipo, aipeleke kazi Mombasa.

Basi wakaidanganya. Ikatokea diski mpya kwenye kioo, herufi yake na jina lake, na programu ya Mbithe ikaamka bila kunung’unika. Nzilani alifungua mdomo wa kompyuta kuhakikisha. Hakukuwa na kitu.

Thadeus alimwonya jambo moja: kompyuta ikizimwa, uongo huo husahaulika, na inabidi kuanza upya. Jana, Jumatano, aliizima kwa mazoea. Akahangaika asubuhi nzima kabla ya diski kurudi, na hajui alibonyeza nini kilichoirudisha. Ndipo zikaja zile karatasi za USIZIME.

Leo ni Alhamisi. Bi. Jedidah anakuja mchana, na sweta chache zimebaki kwenye gunia la pili.

Mwandishi yumo bado chumbani wakati feni inapopunguza mwendo na kusimama. Mashine inanyamaza na mlima nusu. Kioo kinakuwa cheusi. Nje mtu wa mitumba anasema, “Stima,” kwa sauti ya mtu aliyezoea.

Nzilani anaisogelea mashine na kuzuia mtu asiiguse fremu, kwa maana kitambaa kikisogea beji imeharibika. Anangoja hivyo, mkono juu ya sweta, kama mama aliyemlaza mtoto mwenye homa.

Umeme unaporudi anaiwasha kompyuta. Kilima cha majani kinatokea, diski haipo. Kutoka kwenye mtoto wa meza anatoa ile diski iliyopasuka na kuiweka juu ya kompyuta, ufa ukiangalia dari. Mwandishi anamwuliza inasaidia nini.

“Haisaidii. Thadeus alishaniambia. Lakini kama lazima niidanganye, heri ijue nilikuwa nayo kweli.”

Anafungua programu ndogo. Midomo inamcheza bila sauti. Anachagua herufi ya diski, anarudi, anachagua tena. Kompyuta inakataa, naye anafumba macho. Anakumbuka kwamba Thadeus alianza kwa kuiamsha nafasi ya diski katika programu hiyo kabla ya kuionyesha faili. Anaiamsha. Anaionyesha faili.

Diski inatokea.

Safari hii hafungui mdomo wa kompyuta kuchungulia. Anaiendeleza mashine pale ilipoishia, na mlima wa Wusi unamalizika, ukiwa na alama ndogo ubavuni ambayo ni yeye tu atakayeijua.

Bi. Jedidah anafika mchana na kuzikagua sweta moja moja, akipitisha kidole juu ya uzi. Anauliza mbona fundi amekodoa macho. Nzilani anamjibu ni njaa. Mwalimu anafunga magunia na kusema wataonana Januari ijayo, na kwamba mwenzake wa Chawia atampigia.

Mei, Nzilani anatarajia kuanza masomo ya jioni katika chuo cha ufundi hapa Voi ili ajifunze kuchora beji kwa mkono wake, kwenye programu isiyodai diski ya mtu. Karo ameshaanza kuiweka kando. Mwandishi anamwuliza, sasa, kama ameelewa jinsi diski isiyokuwepo inavyoweza kuwepo.

“Sijaelewa,” anasema, akiirudisha ile iliyopasuka ndani ya mtoto wa meza. “Lakini watoto watavaa. Mwakani nataka nichore mwenyewe, nisimdanganye yeyote, hata hii kompyuta. Imenivumilia sana.”