Mama Dirisha Anahesabu Siku, Si Vidonge Tu

Dirisha la mbao halijafunguka, benchi limeshajaa. Mama Dirisha anapangusa kaunta, anavaa miwani yake yenye mguu mmoja uliofungwa uzi, kisha anafungua. Bibi wa kwanza ananyoosha karatasi ya daktari. Mama Dirisha haangalii karatasi kwanza. Anamwangalia mtu usoni.

"Shikamoo bibi. Mguu unaendeleaje?"

"Marahaba. Mguu upo, kila ninakokwenda unanifuata."

Benchi zima linacheka.

Huu ni mwaka wa kumi na tisa anatoa dawa katika kituo hiki cha afya. Jina lake la kuzaliwa hata wenzake wamelisahau. Mshahara wake si wa kujivunia, lakini umesomesha watoto watatu.

Miaka miwili iliyopita utaratibu ulibadilika. Zamani mwenye kadi ya bima alichukua dawa bila kutoa kitu. Sasa bima inalipa sehemu na mgonjwa anachangia sehemu. Kwa dawa za presha za mwezi, mchango unaweza kufika ujira wa siku tatu wa kibarua.

"Wakubwa walisema mtu akichangia hatachukua dawa ovyo," anasema. "Ni kweli, za ovyo zimepungua. Lakini na za lazima zimepungua. Mfuko mtupu hauchagui."

Hakuna aliyemwambia. Aliona mwenyewe kwenye daftari lake la tarehe. Mtu anachukua dawa ya siku thelathini, anarudi siku ya hamsini.

"Nikawa najiuliza, hivi vidonge vyangu vinazaana huko nyumbani?"

Mmoja wa waliochelewa hivyo alikuwa fundi wa makochi ambaye wote humwita Mzee Sofa. Alikuwa anameza leo, kesho anapumzika. Kwa daktari alisema anameza kila siku, maana mtu mzima kusema hana hela mbele ya kijana mwenye koti jeupe si jambo jepesi. Daktari akipima anakuta presha iko juu, anaongeza dawa. Dawa zikiongezeka, mchango unapanda. Mchango ukipanda, mzee anazidi kuruka siku.

Ndipo binti yake akaja kumtembelea. Akamlipia dawa zote, akawa anamwekea maji mezani kila asubuhi. "Baba, meza nikuone." Mzee akameza, hakuwa na pa kukimbilia. Siku ya nne, akiwa anapigilia misumari kwenye kochi, akaanguka. Presha ilikuwa imeshuka mno. Dawa zote zile zilikuwa zimeandikwa kwa mtu anayemeza nusu.

Mama Dirisha alijilaumu. "Tarehe zake nilikuwa nazo mimi. Nikazikalia kama kuku anayeatamia mayai viza."

Akabeba daftari, akaenda chumba cha daktari. Hakumgombeza. "Nilimwambia, mwanangu, mzee hakudanganya kwa ubaya. Wewe ulimuuliza, 'Unameza dawa?' Nani atakujibu hapana?"

Daktari, kijana wa miaka thelathini na moja, hafichi. "Nilikuwa sijui hata mgonjwa analipa ngapi dirishani. Naandika tu. Nilidhani dawa haifanyi kazi, kumbe haimezwi."

Siku hizi anauliza, "Wiki iliyopita ulimeza siku ngapi?" Kisha anasubiri jibu. Juu ya meza yake kuna kipande cha boksi ambapo Mama Dirisha ameandika mchango wa kila dawa. Palipo na dawa ya zamani yenye kazi ileile na bei nafuu, daktari anaandika hiyo. Mzee Sofa amebakiziwa kidonge kimoja kwa siku.

Kati ya wagonjwa arobaini na wawili wa presha walio kwenye daftari, waliokuwa wakirudi kwa wakati walikuwa kumi na saba. Sasa ni thelathini na mmoja.

"Wale kumi na mmoja ndio wananinyima raha," anasema. "Hata hiyo nafuu, kwao ni mlima."

Kwa ajili yao ameiandikia barua kamati ya kituo: dawa za presha na za kisukari zitolewe bila mchango. Kikao ni Alhamisi ijayo, na ameitwa aseme mwenyewe. Hajawahi kusimama mbele ya kamati.

Foleni inasogea. Anayefika dirishani ni Mzee Sofa.

"Shikamoo mzee wangu. Leo siku ya ngapi?"

"Marahaba. Ya ishirini na tisa. Kimebaki kimoja cha kesho." Anaweka pakiti kaunta. "Usinitazame hivyo, mama, hesabu mwenyewe."

Anahesabu. Kweli, kimoja.

"Na hicho kikao chako nitakuja," mzee anasema. "Nitawaambia nilikuwa nameza leo, kesho napumzika."

"Mbele ya watu wote wale? Hutaona haya?"

"Nimeanguka mbele ya makochi yangu mazuri, nije nione haya mbele ya viti vyao? Tena vibovu, nimeviona."

Mama Dirisha anacheka hadi miwani inateleza. Anaandika tarehe ya leo kwenye daftari, na chini yake anaandika: Alhamisi, watu wawili.