Nyoka Anayezaa: Somo Nililofundishwa Laela

Siku ya kwanza kazini nilishuka basi Laela nikiwa na sanduku, godoro na barua ya ajira. Mwalimu mkuu, mzee wa Kifipa asiyependa maneno mengi, aliisoma barua akiwa amesimama, akanipa boksi la chaki na kuniambia nitachukua sayansi, darasa la tatu.

"Watoto hawa wanaishi na wanyama," alisema. "Majina wanayo. Wewe wafundishe kupanga."

Kupanga huko ndiko tulikokuita kuainisha: kuweka viumbe katika makundi kwa kuangalia wanavyofanana. Tulianza na wenye uti wa mgongo na wasio nao, kisha tukawagawa wenye uti: mamalia, ndege, reptilia, amfibia na samaki. Vitabu havikutosha, kwa hiyo zana zangu zilikuwa kuku wa jirani, chura wa mtaroni na magamba ya samaki niliyoomba sokoni. Watoto walizishika, wakabishana, na mimi nikajiona mwalimu hodari.

Mwaka wa pili nilimpokea Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Kiswahili chake kilikuwa kizito, na kwa miezi mitatu hakunyoosha mkono. Nilishaandika kwenye daftari langu kwamba ni mzito wa kuelewa.

Siku moja niliandika ubaoni: mamalia huzaa, reptilia hutaga mayai. Kabula akanyoosha mkono. Alisimama, akasema polepole, "Mwalimu, kifutu anazaa."

Kifutu ni yule nyoka mnene, mvivu, anayelala njiani. Nilimjibu kwamba nyoka wote hutaga. Akasema yeye ameona. Nikamwambia aketi, aache kutunga hadithi. Darasa zima likacheka, na mimi sikulinyamazisha.

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Wiki ilipokwisha, mratibu elimu kata alikuja kukagua maandalio ya masomo. Alikuwa amefundisha biolojia sekondari kwa miaka mingi. Aliposoma andalio langu aliweka kalamu chini, akaniuliza ni nani aliyenieleza kwamba reptilia wote hutaga. Nikasema ndivyo nilivyofundishwa. Akanieleza kwa upole kwamba wengi hutaga, lakini wapo wanaozaa, na kifutu ni mmojawapo. Kinachowaweka pamoja ni ngozi yenye magamba, mapafu na damu baridi.

Nilimweleza mwalimu mkuu yote, nikitegemea anitetee. Akasema, "Basi unajua njia ya kwenda kwao."

Nilitembea saa mbili. Nilimkuta Kabula amembeba mdogo wake mgongoni, anapepeta mahindi. Nilimwamkia baba yake shikamoo, akanikaribisha kigoda. Alisema binti yake alirudi analia kwamba shule imemwita mwongo, naye akaamua akae nyumbani. Kifutu yule, alinieleza, aliuawa karibu na zizi, na alipopasuka tumbo walitoka watoto hai. Familia nzima iliwaona.

"Ng'ombe hawamwiti mwongo," alisema.

Nilimgeukia Kabula. "Mwanangu, ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe, urudi uniambie mengine uliyoyaona."

Alimtazama baba yake, na baba yake akatazama malishoni. Jumatatu Kabula alikuwa darasani. Nilifuta sentensi yangu mbele ya wote, nikawaeleza nani alinisahihisha. Tangu hapo nilianza kila mada kwa kuwauliza wameona nini.

Kabula alimaliza darasa la saba. Mwaka uliofuata familia yao ilihama na mifugo yao, na sijui aliko. Mimi nilihamishiwa Sumbawanga mjini, kisha Pito, ambako nilistaafu na sasa nalima mahindi na ulezi.

Walimu vijana wakinitembelea huniuliza siri ya kufundisha wadogo. Siri sina. Nina hesabu isiyonipa raha: miaka yote ile, ni mtoto mmoja tu niliyemfuata hadi kwao. Wengine niliowaambia waketi, wakanyamaza, sikuwahi kujua walikuwa wameona nini.